Kifungo Juu ya Barafu

Ciarunji amefariki. Mwanawe wa mwisho ndiye aliyenipigia simu kutoka Manyatta, akaniambia kwamba mama yake alizimika akiwa ameketi kitini, kikombe cha uji bado mkononi, na kwamba siku ya mazishi ningepewa nafasi ya kusema maneno machache kwa kuwa mimi ndiye rafiki yake wa zamani kuliko wote waliobaki. Nilimwambia nitakuja, lakini sitasema kitu. Akadhani ni huzuni. Huzuni ipo, lakini si hiyo iliyonifunga mdomo. Maneno niliyo nayo juu ya mama yake hayawezi kusemwa chini ya hema la kukodi, vipaza sauti vikikoroma, watoto wakigawiwa soda na mchungaji akiangalia saa yake. Yanahusu mwaka mmoja wa Hali ya Hatari, siku za Mau Mau, nyumba ya Mzungu mmoja wa serikali nje ya mji wa Embu, na kazi niliyofanya katika nyumba hiyo, kazi ambayo wajukuu wangu wakiisikia hucheka mpaka wakashika mbavu. Niliajiriwa kulinda barafu.

Sitaeleza nilikotoka wala wazazi wangu walikuwa nani; hayo yana mahali pake. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana wa Kanyakine aliyekwisha kufikia umri wa kuolewa, niliyefundishwa na wamisheni kusoma Kiingereza, kushona na kupiga pasi, na kwamba Memsabu wa nyumba ile alikuwa amemwomba mwalimu wetu msichana msafi, mwenye adabu, tena awe Mmeru, kwa maana aliogopa kuchukua mtu wa karibu ambaye ndugu zake wako msituni. Nilipelekwa Embu nikiwa nimekaa juu ya magunia ya maharagwe nyuma ya lori, kipande changu, kile cheti cha kazi na cha kusafiria, kimefungwa ndani ya leso. Kila kizuizi tulichofika, askari alikisoma, akanitazama, akakisoma tena, kana kwamba sura yangu ingebadilika katikati.

Nyumba ilikuwa ya mawe, imezungukwa na miti ya mikima na maua ambayo Memsabu aliyamwagilia mwenyewe. Sebule ilikuwa na zulia na kinanda kisichopigwa. Lakini maisha yangu yalikuwa nyuma, katika jiko lililojaa moshi wa kuni, na katika stoo iliyopakana nalo, chumba chenye dirisha dogo la wavu, harufu ya vitunguu na mafuta ya taa. Humo ndimo lilimokaa lile sanduku. Leo tungeliita friza, na lingekuwa na waya ukutani. Wakati ule umeme ulikuwa haujafika upande huo, kwa hiyo sanduku lile liliendeshwa kwa moto. Chini yake palikuwa na tangi la mafuta ya taa na utambi wa mviringo, na mwali mdogo uliowaka mchana na usiku ndio uliotengeneza baridi. Jambo hilo sikulielewa, na nadhani Memsabu naye hakulielewa, maana nilipomuuliza inakuwaje moto ulete barafu alinijibu kwamba ni mashine nzuri sana kutoka Ulaya. Lilikuwa jeupe, refu kama jeneza la mtu mzima, na ndani yake mlipangwa nyama iliyofungwa kwa karatasi ya nta na kamba. Lilikuwa na nyama nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja, hata siku ya harusi.

Memsabu alinifundisha kazi kwa Kiswahili chake cha kukatakata. “Wewe angalia moto. Bluu, mzuri. Njano, mbaya. Ikitoa moshi, kata utambi. Mafuta ikikwisha, jaza. Mlango hapana fungua ovyo.” Kisha akaleta kikombe cha bati alichokuwa amegandisha maji ndani yake, na juu ya ile barafu akaweka kifungo cha shaba kilichotoka kwenye koti kuukuu la mumewe. Akakiingiza kikombe sandukuni, pembeni mwa nyama. “Kama moto ikizimika na wewe lala, barafu yote itayeyuka, kifungo itaanguka chini. Halafu wewe washa moto tena, barafu itarudi, nyama itakuwa ngumu kama mawe, mimi nitafikiri iko sawa. Lakini kifungo itakuwa chini ya barafu. Wewe unaweza kusema uwongo. Kifungo hapana sema uwongo.” Alicheka aliposema hivyo, na sikuona ubaya. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye madoa ya jua usoni, na katika miezi ile ya kwanza nilimpenda. Alinionyesha namna ya kuoka keki. Aliniazima magazeti yake ya zamani nisome mchana, nikikosea tamko alinirekebisha bila kunidhihaki. Ndiyo sababu, hata leo nikiwa bibi kizee, hasira yangu juu yake haijapoa kama ilivyopoa juu ya mumewe. Kutoka kwa mumewe, Bwana, sikuwahi kutarajia kitu.

Mpishi alikuwa Nyaga, mtu wa makamo, mpole, mwenye kikohozi cha moshi. Wazungu walimwita Mpishi tu, kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Mimi nilimwita Baba Wanja, kwa jina la binti yake mdogo, mtoto wake wa pekee wakati huo. Kwao ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo mfupi kutoka kwenye nyumba ile, na jioni alikwenda kulala nyumbani kwake kabla ya kafyu. Yeye ndiye aliyenieleza nyama ile inatoka wapi. Siku moja alikuwa akikata vitunguu, nami nasafisha kioo kidogo kilichowekwa chini ya sanduku ili mtu auone mwali bila kulala kifudifudi. Alisema bila kuinua macho, “Unajua unamlinda nani humo ndani?”

“Namlinda nani, Baba Wanja?”

“Fahali wa shemeji yangu. Nilimchinja mimi mwenyewe, hapo nyuma ya jiko, Bwana amesimama. Kijiji chao kililipishwa faini kwa sababu mtu mmoja alipeleka chakula msituni. Wakachukuliwa ng'ombe wote. Waliobaki sijui walipelekwa wapi. Wanono walikuja hapa.” Akakusanya vitunguu kwa ncha ya kisu. “Alikuwa fahali mzuri. Ukimwita alikuja kama mtu.”

Nilifuta kioo mpaka nikaiona bluu ya mwali vizuri. Tangu siku hiyo kila nilipofungua lile sanduku nilihisi natazama mahali nisipopaswa kutazama, na ile baridi ikinipiga usoni nilijikuta nikisema kimoyomoyo, pole.

Mwaka ule njaa ilikuwa mbaya. Si kwamba mvua ilikosa. Mashamba yalikosa watu. Kila asubuhi wanawake walipigiwa filimbi, wakapelekwa kuchimba mahandaki, kubeba mawe ya barabara, kukata nyasi za kuezekea vijiji vipya, na waliporudi jua lilikuwa limekwisha na kafyu imeingia. Ciarunji, mke wa Nyaga, alikuwa miongoni mwao. Njia yao ilipita kando ya ua wetu, na homgadi, askari mwenyeji wa serikali, aliyewaongoza aliwaruhusu wapumzike kidogo pale penye kivuli cha mikima. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amefunga mtoto mgongoni na tita la nyasi juu ya mtoto. Alikuwa na sauti nzito na kicheko cha ghafla, hata katika hali ile. Aliniuliza juu ya ua, “Wewe ndiye yule Mmeru anayelea sanduku?” Nikasema ndiye mimi. “Afadhali wewe. Sanduku halikuombi chakula.”

Wanja alikuwa na miguu myembamba na tumbo lililojaa kama ngoma, na nywele zake zilianza kugeuka rangi ya kutu. Nyama yenyewe haikuweza kuguswa, kwa maana Memsabu alikijua kila kipande na siku kitakayopikwa. Lakini mifupa iliyotoka mezani ilikuwa ya mbwa, na mbwa hakuweza kusema. Nyaga aliichemsha, mimi nikatia supu katika chupa ya dawa iliyokwisha, na Ciarunji akipita nilimpa kupitia ua. Alimnywesha mtoto pale pale, amechuchumaa, akimwambia polepole, polepole, itakuchoma. Homgadi yule wa njiani alijifanya haoni. Si kila mmoja wao alikuwa jiwe.

Mkubwa wao ndiye aliyekuwa jiwe. Huyo aliitwa Njiru, alivaa kofia ya kijeshi yenye kamba ya kidevu, na alikuja kwenye baraza kila wiki kupokea amri. Ilikuwa msimu wa mvua za vuli alipokuja kupokea ile ninayotaka kuisimulia. Nilikuwa napiga pasi vitambaa vya meza nyuma ya mlango wa baraza, Memsabu anamimina chai, Bwana ametandaza ramani magotini. Siku iliyofuata walikuwa wanasafiri kwenda pwani kwa mapumziko. Bwana alimwambia Njiru kwamba watu wote wa ng'ambo ya mto wahamie kijiji kipya kabla hajarudi, na nyumba zao za zamani zichomwe, zote, zisibaki za kuwaficha wale wa msituni. Njiru akasema nyasi za mapaa zimelowa mvua, hazitashika moto bila mafuta. Bwana akamwambia achukue pipa la mafuta ya taa lililo stooni.

Ndipo Memsabu akauliza, kwa Kiingereza, “Na friza, mpenzi? Wageni wako wa Krismasi?”

Naye akajibu kwa Kiingereza, huku akikunja ramani, “Nitaagiza pipa lingine liletwe wiki hii. Usijali.”

“Hutasahau?”

“Sitasahau.”

Nilisikia kila neno. Walijua ninajua Kiingereza. Memsabu mwenyewe ndiye aliyenisahihisha matamshi. Lakini mtu anayepiga pasi nyuma ya mlango hahesabiwi kuwa mtu.

Waliondoka. Pipa likabingirishwa hadi kwenye lori, na siku chache zilizofuata moshi ulipanda ng'ambo ya mto, mweusi kwanza, halafu mweupe. Tulisimama mlangoni mwa jiko, mimi na Nyaga. Alinionyesha kwa kidole: ule ni kwa fulani, ule ni kwa fulani. Alipofika kwenye moshi mmoja aliteremsha mkono, akarudi ndani kupepeta mchele. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa upya mwaka uliotangulia. Ciarunji alitoka na mtoto, ngozi ya kulalia, chungu na jembe. Mtama uliokuwa ghalani uliungua wote.

Pipa lingine halikuja. Wiki ilipita, mafuta ya tangini yakashuka. Nyaga alikwenda kwa Njiru, Njiru akamwambia hajapewa habari ya mafuta. Alikwenda dukani kwa Mhindi mjini, akaambiwa mafuta hayauzwi kwa mtu mweusi bila ruhusa iliyotiwa sahihi na Bwana, na Bwana alikuwa pwani anaogelea. Tukamwaga mafuta ya taa zote za nyumba ndani ya tangi. Nilikata utambi mpaka mwali ukawa mdogo kama punje, ili udumu. Niliutazama kwenye kile kioo kama mtu anavyomtazama mgonjwa akipumua. Na mchana mmoja, nikiwa nimepiga magoti pale sakafuni, uligeuka njano, ukaruka, ukazimika. Tulifunika sanduku kwa mablanketi na magunia, hatukuufungua mlango. Haikusaidia. Baada ya muda maji mekundu yalianza kutoka chini, yakatafuta njia yake kwenye sakafu ya saruji, na harufu ikaja. Tulipofungua, kile kikombe kilikuwa na maji matupu, na kifungo kimelala chini.

Lori lenye pipa lilifika wakati ambapo hakuna aliyelingojea tena, karibu na siku ya Bwana kurudi. Njiru alikuja nalo mwenyewe. Aliona sakafu, akasikia harufu, akafahamu. Si mtu wa kuchelewa kufahamu. “Washeni moto,” akasema. “Nyama itaganda. Nani atajua?”

“Kifungo,” Nyaga akamwambia.

Njiru akaja akachungulia kikombe, akaangua kicheko. “Basi toeni hicho kifungo, gandisheni maji, kiwekeni juu. Hii nayo ni shida?”

Nakiri hata mimi niliona ni jambo rahisi. Nilimtazama Nyaga nikitumaini atakubali. Alikuwa ameinamia meza, mikono yote miwili juu ya ubao wa kukatia, anafikiri. Kisha akasema, “Hapana. Nyama hii imeoza. Wazungu wakiila watalazwa hospitali, pengine mmoja atakufa, na hapo hawataulizana nani alikosa mafuta. Watasema mpishi Mwembu amewatilia sumu. Unajua kosa hilo linalipwa namna gani siku hizi. Kwa kamba. Mimi, huyu msichana, na wewe pia, Njiru, kwa kuwa unajua. Nitamwambia Memsabu ukweli. Ni mwanamke, ana akili, na alikuwapo mafuta yalipochukuliwa.”

“Shauri yako,” Njiru akasema, na alipotoka aliuacha mlango wazi. Tuliwasha moto ili harufu ipungue, lakini kifungo tulikiacha pale kilipolala.

Memsabu alirudi amekuwa mwekundu kwa jua, ameniletea kombe la baharini kama zawadi. Kabla hata ya kuvua kofia alikwenda stooni. Niliusikia mlango wa sanduku ukifunguliwa. Alitoka ameshika kile kikombe, barafu imeganda juu na kifungo kikionekana chini yake kama jicho. Nyaga alimweleza yote, amesimama wima, kofia yake ya upishi mkononi: pipa lilichukuliwa, jingine halikuja, nyama imeharibika, isiliwe. Alimweleza vizuri. Memsabu alisikiliza akiitikia kwa kichwa, na mimi nikaona uso wake ukilegea, nikajua ameamini. Kwa nini asiamini? Alikuwa ameuliza mwenyewe.

Lakini Njiru alikuwa amekwisha kumpata Bwana garini. Alimwambia kwamba mpishi aliwauzia watu wa msituni mafuta, tena nyumba yake ilikuwa imechomwa, kwa hiyo alikuwa na kisasi. Tukaitwa barazani. Mzungu mwingine, mkubwa wa Bwana kwa cheo, alikuwa amekuja kuwapokea, amekaa akivuta kiko. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mbele ya mkubwa wake Bwana hakutaka kusema kwamba alitoa mafuta ya nyumbani kwake kuchoma nyumba za watu kisha akasahau. Wala hakutaka mkubwa huyo ajulishwe ni ng'ombe wa nani waliokuwa wamejaa sandukuni mwake. Kumtoa mpishi kafara kulikuwa rahisi zaidi. Akauliza, “Mafuta yangu yako wapi?”

Nyaga akasema, “Bwana alimpa Njiru.”

“Mimi?” Akamgeukia mkubwa wake, akainua mabega.

Hapo nikasema. Sikuwa nimepanga. Nilisema kwa Kiingereza ili wote waelewe bila mkalimani. Nilisema Bwana alitoa pipa hapo hapo barazani, Memsabu akauliza juu ya friza, Bwana akasema ataagiza jingine, Memsabu akamuuliza hutasahau, naye akasema sitasahau. Sauti ilitoka sawasawa, kwa matamshi aliyonifundisha Memsabu mwenyewe. Nikamalizia, “Memsabu alikuwapo. Muulizeni yeye.”

Yule mkubwa akatoa kiko mdomoni akamtazama Memsabu. Kila mtu akamtazama. Bado alikuwa ameshika kikombe, na barafu ilikuwa imeanza kudondoka maji kwenye gauni lake. Alimtazama mumewe. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema nami kwa sauti ya kumwita mbwa arudi kibandani.

“Kagendo, nenda ukatengeneze chai.”

Hakusema jingine. Hakusema uwongo, na kweli pia hakuisema. Nimeishi miaka mingi nikikutana na watu wa namna ile, wengine weusi kama mimi, maofisini na makanisani, watu ambao hawajawahi kumpiga mtu kofi wala kudanganya, na kila ninapowaona nasikia ile sauti ikiagiza chai. Nyaga alifungwa mikono kwa kamba ya katani, akapandishwa lori. Alipopita dirisha la jiko aliniambia upesi, kwa Kiembu, “Usilie mbele yao. Mwambie Mama Wanja nitarudi.”

Alasiri ile ile nyama ilitolewa. Bwana aliamuru izikwe nyuma ya ua, ndani ya shimo refu, imwagiwe dawa nyeusi ya chooni ili mtu yeyote asithubutu kuila. Wanawake wa kijiji kipya waliletwa kuchimba, na Ciarunji alikuwa mmoja wao, jembe mkononi, mtoto mgongoni. Habari za mumewe alikuwa amekwisha kuzipata njiani. Mimi ndiye niliyeamriwa kubeba vile vifurushi kutoka stooni hadi shimoni. Vilikuwa vimeganda tena, vizuri kutazama, vyeupe kwa barafu, na wale wanawake waliacha kuchimba wakavitazama vikipita. Ciarunji aliniuliza kwa sauti ya chini, “Ni yote?” Nikamwambia ni yote. Njiru akamwaga dawa kopo baada ya kopo, harufu ikatuchoma pua, na wakaamriwa wafukie.

Asubuhi nilimwambia Memsabu naondoka. Alikuwa mezani na mkate wake. Alinisogezea gauni lake moja la maua, limekunjwa vizuri, akasema mimi ni msichana mwema na kwamba nyakati ni ngumu kwa kila mtu. Niliacha gauni pale lilipokuwa. Lakini kipande changu kilikuwa halali kwa kazi ile tu. Bila kazi sikuruhusiwa kutembea hata maili moja, ikabidi nikae katika kijiji kipya nikingojea lori la kwenda Meru. Ciarunji alinichukua kibandani mwake. Udongo wa kuta ulikuwa bado unanuka umajimaji, na tulilala chini watatu, Wanja katikati. Tayari alikuwa mgonjwa. Tumbo lilikuwa limemshika, hakuna kilichokaa ndani, akawa anakauka tukimwona. Tulimpa maji ya majivu, tulimpa uji mwepesi tuliouomba, tuliomba ruhusa ya kumpeleka zahanati, tukaambiwa ruhusa hutolewa baada ya kazi. Alikufa asubuhi, filimbi ya kazi ikilia. Ciarunji aliwekwa huru saa chache azike, na tulizika sisi wawili, nje ya handaki lililozunguka kijiji, homgadi akitusimamia. Hakulia. Alishindilia udongo kwa miguu, akachukua jembe akaenda kazini. Watoto wengi walikufa katika kijiji kile, nami nilijua ni njaa, sikuuliza zaidi. Kisha lori langu likaja.

Nyaga alirudi kutoka kambi ya kizuizini Hali ya Hatari ilipokwisha. Nilikuwa nimeolewa na mwalimu na kuhamia Embu, na niliposikia nilichukua sukari na unga nikaenda Manyatta, walikokuwa wamegawiwa kipande cha ardhi. Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda. Alikuwa amezeeka vibaya, vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki, lakini alinitania kwamba bado nina sura ya mtu anayeunguza kola za mashati. Ciarunji alileta chai. Tulikunywa. Kisha Nyaga akamwambia mkewe, mbele yangu, “Kule kambini nilisikia tu kwamba mtoto hayupo. Sasa Kagendo yuko, na alikuwapo. Niambieni.”

Nilifungua mdomo niseme njaa. Ciarunji akanitangulia.

“Tulifukua,” alisema.

Nyaga akamtazama.

“Ile nyama. Sisi tuliochimba shimo ndio tuliofukua, jioni ile ile kabla ya kafyu, Njiru amelewa. Tulificha chini ya majani. Tuliosha mtoni kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikababuka, bado inanuka dawa. Nikapika. Baba Wanja, alikula. Alikula akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nyumba ichomwe. Kesho yake tumbo likamshika. Sikumwambia mtu. Huyu alilala nyumbani mwangu na sikumwambia.”

Nilikumbuka ile harufu ya dawa ndani ya kibanda. Nilikuwa nimedhani ni nguo zangu.

Nyaga aliweka kikombe chini. Alimuuliza taratibu, kama anavyouliza mtu wa kazi yake, “Ulimwaga maji ya kwanza?”

“Nilimwaga.”

“Na ya pili?”

“Nayo.”

“Ukachemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa?”

“Ndiyo.”

“Wenzako waliwapa watoto wao?”

“Waliwapa. Wengine walikufa. Wengine wako, wamekuwa wakubwa.”

“Basi si nyama,” Nyaga akasema. “Mimi ni mpishi, nyama naijua. Ukimwaga maji mara mbili na kuichemsha hivyo, haiwezi kuua mtu. Ni njaa iliyomuua. Ungemnyima angekufa vile vile, tena bila kucheka.”

Ciarunji alinigeukia mimi, niliyesoma, mimi niliyesema kweli barazani mbele ya Wazungu na wote wakajua kwamba sisemi uwongo. “Kagendo,” akasema, “ni kweli?”

Nilimtazama Nyaga. Alikuwa mtu yule yule aliyekataa kupandisha kifungo juu ya barafu kwa sababu alijua nyama ya namna ile inafanya nini, hata ichemshwe vipi. Macho yake yalikuwa yametulia juu yangu, hayakuomba kitu.

“Ni kweli,” nikasema. “Hata kwenye vitabu imeandikwa hivyo.”

Ciarunji alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akaanza kulia. Alilia kwa ile sauti yake nzito, bila kujifunika uso, akilitaja jina la mtoto, akalia mpaka majirani wakaja mbio kutoka mashambani, majembe mkononi, wakiuliza ni nani amekufa.

Nyaga aliinuka kwenye kigoda, akawakaribisha wakae.

“Ni binti yetu,” akawaambia.